KOSA, JINAI NA UCHAWI: DHANA ZA MSINGI ZA SHERIA YA JINAI NA MSAMIATI WAKE KATIKA UFIPA

1.0 Utangulizi

Mji wa Sumbawanga, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Rukwa tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 1974, umejengwa juu ya uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Jina la mji huu hufasiriwa na wenyeji kuwa ni amri: sumba, yaani tupa, na wanga, yaani uchawi. Anayeingia anaamriwa autupe uchawi wake nje ya mji. Iwapo hii ndiyo asili halisi ya jina, au ni tafsiri iliyobuniwa baadaye na wasemaji kama itokeavyo mara nyingi katika majina ya mahali, si suala la makala haya. Linalohusu hapa ni kwamba jina hilo, kwa maneno mawili tu, limebeba nadharia kamili ya uhalifu: lipo kosa, yupo mkosaji, na ipo jamii inayotoa amri. Kisichokuwemo ni mahakama.

Makala haya yanakusudia kueleza dhana chache za msingi za sheria ya jinai kama zinavyotumika Tanzania, na kuzilinganisha na zile za Marekani pale ambapo ulinganisho unasaidia. Hoja inayojengwa ni kwamba maneno ya Kiswahili yaliyopewa kazi ya kubeba dhana hizo yalikuwa na kazi nyingine kabla, na kwamba kazi ile ya kwanza haijakoma. Tangu mwaka 2021, Sheria ya Bunge Na. 1 ya mwaka huo ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama katika ngazi zote, jambo hili limetoka mikononi mwa wanaisimu peke yao. Maneno yale yale yanayosemwa kilabuni na kwenye matanga ndiyo yanayoandikwa katika hukumu.

2.0 Kosa, jinai na hatia

Maana ya kwanza ya kitenzi -kosa ni kutolifikia lengo. Mwindaji humkosa mnyama. Msafiri hukosa basi la Mbeya. Mkulima hukosa mbolea. Kutokana na maana hiyo ndipo lilipopatikana neno kosa, yaani tendo lililopotoka njia iliyotazamiwa. Mnyambuliko unaofaa kuzingatiwa zaidi ni kukosana. Watu hawawezi kukosana pasipo kuwa wawili au zaidi, na waliokosana hupatanishwa. Kwa hiyo, katika matumizi ya kila siku, kosa ni jambo lililo baina ya mtu na mtu, au baina ya ukoo na ukoo, na dawa yake ni suluhu, fidia au kuombana radhi.

Jinai ni neno la Kiarabu lililoingia pamoja na msamiati wa utawala na hukumu: sheria, hakimu, mahakama, shahidi, adhabu. Katika jinai, aliyekosewa si yule aliyeumizwa. Aliyekosewa ni dola. Ndiyo maana kichwa cha shauri husomeka "Jamhuri dhidi ya" fulani, na mama aliyevunjwa mkono au baba aliyeibiwa ng'ombe huitwa mahakamani kama shahidi tu. Wamarekani nao wana utaratibu huo huo, ila majina hutofautiana: katika majimbo ya New York na California mashtaka huletwa kwa jina la watu wa jimbo zima, na katika mahakama za shirikisho huletwa kwa jina la Marekani yenyewe. Mwanakijiji wa Ufipa anayeuliza kwa nini faini aliyotozwa jirani yake imekwenda serikalini badala ya kuja kwake haulizi swali la kijinga. Anaelewa kosa; hajaelezwa jinai.

Historia imechangia katika mkanganyiko huu. Wakati wa Wajerumani mashauri yalipelekwa bomani, na boma lililokuwa karibu lilikuwa Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, kando ya Ziwa Tanganyika. Neno shauri lenyewe, ambalo maana yake ni ushauri na majadiliano, lilifanywa wakati huo kuwa jina la kesi. Chini ya Waingereza, mahakama za wenyeji zilifanya kazi chini ya watawala wa jadi, ambao katika Ufipa walikuwa Mwene wa Nkansi na Mwene wa Lyangalile, na humo fidia na faini ziliweza kuamuliwa katika kikao kimoja. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliunganisha mfumo na kuanzisha mahakama za mwanzo. Tangu hapo mila hutumika katika madai, kama vile urithi na ndoa, lakini si katika jinai. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 13(6)(c), inakataza mtu kuadhibiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa chini ya sheria wakati lilipotendwa. Ni katika mahakama ya mwanzo tu ambako kivuli cha dhana ya zamani kimebaki, kwa kuwa humo mlalamikaji aweza kuleta na kuendesha malalamiko yake mwenyewe.

Neno hatia linahitaji uangalifu zaidi. Asili yake ya Kiarabu inakaribiana na dhambi, na wasemaji wengi bado hulitumia hivyo: "ana hatia" maana yake ametenda uovu, hata kama hakuna aliyemwona. Kwa sheria, hatia haimo ndani ya mtu. Ni hali inayotamkwa na mahakama mwishoni mwa kesi, na kabla ya hapo haipo. Ibara hiyo hiyo ya 13, kifungu kidogo cha 6(b), inasema hivyo kwa namna yake. Ndiyo sababu ya kuwapo kwa mfululizo wa majina kwa mtu mmoja yule yule: mtuhumiwa akiwa polisi, mshtakiwa akishafikishwa kizimbani, mahabusu akingojea kesi yake ndani, na mfungwa baada ya hukumu. Lugha ya mtaani huyafuta majina haya yote kwa neno moja, "amefungwa". Aliyepewa dhamana naye husemwa "ameachiwa", na kutokana na hilo huzaliwa uvumi wa hongo, ingawa kesi yake ingali inaendelea na tarehe imekwisha kutajwa.

3.0 Tendo na nia

Mafundisho ya kwanza ambayo mwanafunzi wa sheria hupewa, awe Dar es Salaam au Chicago, ni kwamba jinai ina sehemu mbili: tendo na nia. Mwenye nia bila tendo hajakosa. Mwenye tendo bila nia, kwa makosa mengi mazito, hajakosa kwa kiwango kile kile. Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Tanzania hueleza kuua kwa kukusudia kuwa ni kusababisha kifo cha mtu kwa tendo lisilo halali, au kwa kuacha kutenda, kwa nia ovu. Nia ovu ikikosekana, kosa ni kuua bila kukusudia. Katika Marekani majimbo mengi huenda mbali zaidi na kugawa kuua kwa kukusudia katika daraja, kadiri nia ilivyotangulia au kukomaa.

Hapa ndipo nadharia ya uchawi na nadharia ya sheria zinapoachana kabisa, na tofauti hii haijaelezwa vya kutosha katika maandishi ya Kiswahili. Katika imani ya uchawi, nia ovu ndiyo silaha yenyewe. Husuda, kijicho, kinyongo kilichofichwa moyoni mwa jirani au ndugu: hivi husadikiwa kuua, na tendo, likiwapo, hutendwa gizani mahali pasipoonekana. Kitenzi -loga, ambacho shina lake limeenea katika lugha nyingi za Kibantu, hakielezi namna ya kutenda kama vile -piga au -choma. Hutaja nia na matokeo, na kuruka kilicho katikati.

Kwa hiyo mtu wa bonde la Rukwa anapoambiwa na hakimu au wakili kwamba nia ovu ni sehemu ya kosa la kuua, aweza kukubali haraka sana, kwa sababu isiyo sahihi. Ichukuliwe kwamba bibi mmoja amemwambia jirani yake kwa hasira, "Utaona!", na mtoto wa jirani huyo akafariki kwa homa baada ya wiki mbili. Kwa maoni ya wafiwa nia imethibitika, na kifo kimethibitika. Kinachodaiwa na sheria, yaani uzi unaounganisha viwili hivyo na ambao waweza kuonyeshwa mbele ya macho ya watu, wao hawaoni kuwa kimepungua. Tafsiri ya neno haikukosea. Msikilizaji alikuwa na dhana nyingine iliyokwisha kukaa mahali pale.

4.0 Uchawi mbele ya sheria

Yapo maoni yaliyoenea kwamba serikali "haiamini uchawi" na kwa hiyo sheria haiugusi. Maoni haya si sahihi. Sheria ya Uchawi ilitungwa mwaka 1928, wakati wa Waingereza, na ingali miongoni mwa sheria za Tanzania. Jambo la kuchunguza ni lugha yake. Sheria hiyo haisemi popote kwamba uchawi unafanya kazi. Inaufafanua kwa neno la kujidai: kujidai kuwa na nguvu za siri, kujidai kuwa na ujuzi uliofichika. Anayejitangaza kuwa mchawi, anayemiliki vifaa vya uchawi, anayetishia kuvitumia, wote wametenda jinai, si kwa kuwa wameua bali kwa kuwa wamedai au kutisha. Na anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, nje ya njia zilizowekwa na sheria, naye yumo hatarini.

Watunzi walikuwa na ujanja wa aina yake. Walitaka kuadhibu bila kusadiki. Lakini kitenzi kujidai, ambacho kwa sheria ndicho nguzo, mtaani kina maana ya kujiona au kuringa, na anayeisoma sheria hiyo kwa Kiswahili bila kuelezwa aweza kabisa kupitwa na kiini chake.

Matokeo yake katika Ufipa yalionekana wazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wafipa, alieleza katika makala yake ya mwaka 1968 habari za Kamcape, vuguvugu la kufichua na kuwatakasa wachawi lililopita vijijini. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1930, vuguvugu la mchapi lilikuwa limeenea kutoka Nyasaland hadi nchi jirani. Kwa macho ya vijiji vingi, watakasaji walikuwa wakifanya kazi ambayo serikali ilishindwa kuifanya. Kwa macho ya sheria ya 1928, waliokuwa wakitenda jinai ni watakasaji wenyewe, kwa kuwa wao ndio waliodai kuwa na ujuzi wa siri na wao ndio waliowanyooshea watu vidole. Jina la kamchape halijafutika. Bado husikika magharibi mwa Tanzania pamoja na istilahi mpya zaidi ya maofisa, "ramli chonganishi". Istilahi hii inastahili sifa, kwa maana inataja tendo na madhara yake bila kuingia katika mjadala wa kama ramli husema kweli.

Istilahi nyingine haistahili sifa hiyo. Magazeti na taarifa za polisi zimezoea kuandika kwamba fulani "ameuawa na wananchi wenye hasira kali". Sentensi hii ina mtendaji, lakini mtendaji huyo hana uso. Wananchi ni neno la heshima, la uhuru na la kujenga taifa. Hasira kali ni sababu inayotolewa kabla ya kuulizwa. Kikongwe aliyechomewa nyumba kwa tuhuma za uchawi huwa, katika sarufi ya sentensi hiyo, amepatwa na jambo linalofanana na radi. Kwa Sheria ya Kanuni za Adhabu, kila aliyeshiriki katika mauaji hayo ni muuaji, na wingi wao hauwapunguzii kitu. Sentensi ya haki ingeandikwa hivi: "Watu ambao hawajafahamika wamemuua". Hasira iachiwe mahakama ipime.

Na mahakama zimekwisha kuipima. Sheria hukubali kwamba mtu aliyechokozwa ghafla mpaka akapoteza uwezo wa kujizuia aweza kuhukumiwa kwa kuua bila kukusudia. Je, uchawi ni uchokozi? Mwaka 1941, katika shauri la Fabiano Kinene lililotoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikubali hoja hiyo: marehemu alikuwa amekutwa usiku akitambaa uchi kandokando ya nyumba. Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba hiyo ndiyo picha hasa ya kuwanga, na kwamba ndiyo inayobebwa na neno wanga katika jina la Sumbawanga. Lakini mwaka 1951, katika shauri la Eria Galikuwa, lililotoka Uganda vilevile, mahakama hiyo iliweka mpaka: kuamini tu kwamba mtu ni mchawi hakupunguzi kosa. Ni lazima pawe na tendo la uchokozi lililotendwa mbele ya mshtakiwa, na hasira iwe ya papo hapo. Hofu iliyolimbikizwa kwa wiki au miezi, hata ikiwa ya kweli moyoni, si uchokozi. Mpaka huo unarudi pale pale penye sehemu ya tatu ya makala haya: sheria inatafuta tendo.

5.0 Ushahidi na shaka

Marekani, ambayo mara nyingi hutajwa kama mfano wa mbali usiohusiana na mambo haya, imewahi kupita njia hiyo hiyo. Mwaka 1692, huko Salem katika koloni la Massachusetts, uchawi ulikuwa jinai yenye adhabu ya kifo, na watu 19 walinyongwa. Mahakama ile ilipokea ushahidi wa mizuka: shahidi aliapa kwamba kivuli cha mshtakiwa kilimjia na kumtesa, ingawa mwili wa mshtakiwa ulikuwa umelala nyumbani kwake. Gavana William Phips aliivunja mahakama hiyo mwezi Oktoba wa mwaka huo huo. Mahakama mpya ya mwaka 1693 haikuutegemea ushahidi wa namna hiyo, na washtakiwa walio wengi waliachiliwa. Imani ya watu wa Salem haikuwa imebadilika sana kati ya miezi hiyo. Kilichobadilika ni kanuni ya nini kinakubalika kuwa ushahidi.

Ramli ni ushahidi wa aina ile ile. Mpiga ramli huona kisichoonekana, na mshtakiwa hawezi kumhoji kivuli. Shahidi, katika asili ya neno hilo, ni aliyekuwapo akaona.

Kiwango cha kuthibitisha nacho kina tatizo lake la lugha. Upande wa mashtaka, Tanzania kama Marekani, hutakiwa kuthibitisha kosa kiasi cha kutoacha shaka yenye msingi. Waandishi wengine hufupisha kwa kusema "bila shaka". Ufupisho huu ni wa hatari. Katika Kiswahili cha kawaida, "bila shaka atakuja kesho" husemwa na mtu ambaye kwa hakika hajui kama atakuja. Ni dhana iliyovishwa nguo ya yakini. Hukumu inayosema kosa limethibitishwa "bila shaka" yaweza kusikika kwa mjane aliyekaa nyuma ya chumba cha mahakama kama "huenda ni yeye". "Pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi" ni refu, lakini halina njia ya pili ya kusikika.

Inafaa kusahihisha pia tafsiri moja iliyozagaa. Wale watu 12 wanaoonekana katika filamu za Marekani hawalingani na wazee wa baraza wa Tanzania. Wale 12 ndio wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Jaji huongoza na kutoa adhabu. Wazee waliokaa na jaji wa Mahakama Kuu walitoa maoni tu, naye hakufungwa nayo. Na tangu marekebisho ya mwaka 2022 jaji hukaa nao pale anapoona haja.

6.0 "Ni kweli"

Kesi nyingi za jinai hazifiki kwenye ushahidi, kwa kuwa mshtakiwa hukiri. Katika Marekani zaidi ya asilimia 90 ya hukumu za hatia hupatikana kwa kukiri, mara nyingi baada ya mapatano na mwendesha mashtaka. Tanzania iliingiza utaratibu wa mapatano ya namna hiyo katika sheria mwaka 2019. Kwa hiyo sentensi anayotamka mshtakiwa anaposomewa shtaka ndiyo, kwa wengi, kesi nzima.

Sentensi hiyo mara nyingi ni "ni kweli". Lakini ni kweli ipi? Shtaka ni fungu la madai kadhaa: kwamba fulani amekufa, kwamba mshtakiwa ndiye aliyempiga, kwamba alitenda kwa nia ovu, kwamba hakuwa na haki ya kutenda hivyo. Anayejibu "ni kweli, nilimpiga, alikuwa ananiroga" amekubali dai moja na kuleta utetezi katika pumzi moja. Katika shauri la Adan la mwaka 1973, lililotoka Kenya, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba shtaka na kila kiini chake vifafanuliwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, majibu yake yaandikwe kwa kadiri iwezekanavyo kwa maneno yake mwenyewe, kisha maelezo ya tukio yasomwe na aulizwe tena kama anayakubali au ana la kuongeza. Akitoa maelezo yanayopingana na kukiri kwake, iandikwe kuwa amekana.

Kanuni hiyo iliwekwa wakati kumbukumbu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, na "ni kweli" ilipita kwa mkalimani kabla ya kufika kwenye karatasi. Katika Sumbawanga mzee wa kijijini, ambaye Kifipa ndicho lugha yake ya nyumbani, bado aweza kuhitaji mkalimani. Kilichobadilika ni kwamba sasa hakimu, karani na mwendesha mashtaka wote huandika Kiswahili, na kila mmoja hudhani amesikia. Katika lugha iliyo ya wote, ni rahisi zaidi kuandika maneno mawili ya mshtakiwa na kuacha yale matatu yaliyofuata.